Istilahi za Misikiti ya Kale: Msikiti, Gofu na Kivutio

Miongoni mwa barua zilizotufikia katika robo hii ya mwaka imo moja ya mwalimu wa upande wa Chidya, kati ya Masasi na Newala. Mwalimu huyo alikuwa akifasiri kijitabu cha Kiingereza juu ya misikiti ya kale ya Kilwa Kisiwani, ili wanafunzi wake wakisome kabla ya kushuka pwani kwa ziara ya masomo. Alituomba tumpatie maneno kumi na mawili tu. Tulidhani jibu lake lingetosha katika ukurasa mmoja, lakini kila neno tulilolishika lilituvuta kwenye jingine, na baadhi yake yakatutoa katika kamusi na kutuingiza katika sheria, ufundi wa uashi na fikihi. Kwa kuwa wafasiri na watumishi wa idara mbalimbali hutuuliza mambo ya namna hiyo hiyo mara kwa mara, tumeona afadhali tujibu hadharani.

Sentensi ya kwanza ya tafsiri yake ilisema hivi: "Gofu hili lilikuwa msikiti, madhabahu yake iko upande wa kaskazini na birika lake liko nje." Ni Kiswahili kisichokuwa na kosa la sarufi. Hata hivyo karibu kila neno lenye uzito katika sentensi hiyo lina jambo la kuzungumzwa, nasi tutayafuata moja moja, si kwa mpangilio wake bali kwa wepesi wake.

Birika ndilo jepesi. Mwalimu mwenyewe alilitilia shaka, akaeleza kwamba alipowasomea wanafunzi sentensi ile walicheka, wakauliza chai ilinywewa wapi. Kwao birika ni chombo cha bati cha kuchemshia au kumiminia chai, na hatuwezi kuwalaumu. Uwanda wa juu wa Makonde hauna mito. Maji ya mvua huzama mchangani, na kwa vizazi vingi akina mama waliteremka magenge kwenda kuyateka bondeni na kuyapandisha kichwani. Mtoto aliyekulia huko hajapata kuona tangi la mawe lililojengwa kando ya msikiti, likajazwa maji ya kisima ili watu watawadhe. Maana hiyo ya birika ni ya zamani na ni sahihi, na fundi wa pwani huitumia bila kusita. Sisi hatuoni sababu ya kuliacha neno ati kwa kuwa limeazimwa na jikoni. Linalotakiwa ni kuliongezea maneno machache pale linapotajwa kwa mara ya kwanza: birika la kutawadhia. Mwanafunzi ataelewa, na lugha haitapoteza kitu.

Neno birika si pekee katika hali hiyo. Gereza la Kilwa Kisiwani ni ngome, lakini msomaji wa leo akiona jina hilo huwafikiria wafungwa. Mnara kwa kijana wa sasa ni nguzo ya simu, ilhali jina la kisiwa cha Songo Mnara ni la kale kuliko simu zote. Na yafaa mfasiri akumbuke kwamba misikiti mingi ya kale ya pwani yetu haikujengewa minara mirefu ya kuadhinia, basi asiitie katika tafsiri kwa mazoea ya picha za nchi nyingine. Husuni maana yake ni ngome, lakini Husuni Kubwa ya Kilwa wataalamu huieleza kuwa jumba la kifalme. Majina ya mahali hayafasiriwi. Huachwa kama yalivyo, na maelezo hutolewa kando.

Maneno ya uashi yana utajiri ambao wafasiri wetu wengi huupita bila kuugusa. Tumeona tafsiri zinazosema "mawe ya baharini" mahali ambapo neno tumbawe lipo tayari; "miti ya dari" mahali pa boriti; "shimo la ukutani" mahali pa kidaka; "paa la mviringo" mahali pa kuba; na "mlango uliopinda juu" mahali pa tao. Si maneno ya mapambo haya. Anayejua boriti hufahamu kwa nini vyumba vya nyumba za kale za pwani ni vyembamba na virefu: boriti hukatwa katika mikoko, na upana wa chumba haukuweza kupita urefu ambao mti mmoja wa mkoko uliweza kuubeba bila kulegea, yaani karibu mita mbili na nusu hadi tatu. Akitaka ukumbi mpana zaidi, mwashi alisimamisha nguzo. Asipotaka dari ya boriti aliinua matao, akafunika kwa kuba. Ndiyo njia iliyofuatwa katika sehemu ya kusini ya msikiti mkubwa wa Kilwa, na kuba moja ya msikiti huo inatajwa kuwa ilikuwa kubwa kuliko zote za Afrika Mashariki hadi karne ya 19. Tumbawe nalo lina aina zake. Lile laini, likitolewa baharini likingali bichi, huchongeka kwa urahisi, kisha hukauka na kuwa gumu. Ndilo lililotumika kwa mihrabu, kwa miimo ya milango na kwa nakshi. Matumbawe mengine yalichomwa, yakawa chokaa. Hivyo ukuta ulikuwa tumbawe, kiungo chake kilikuwa tumbawe, na lipu yake tumbawe. Mfasiri akiandika "mawe na saruji" amefuta habari yote hiyo.

Sasa tuje kwenye madhabahu. Hapa mwalimu wetu alitumia neno alilolipata katika Kiswahili cha kanisani, na historia ya mahali anapofundisha inaeleza sababu. Misheni ya UMCA ilifika Masasi mwaka 1876, pale Askofu Edward Steere alipowaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Na Steere huyo ndiye aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1870, na ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, Zanzibar, ulioanza mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Kiswahili cha shule za misheni za huku kusini kilipanda kutoka Zanzibar kwa njia hiyo, na kanisa lile lenyewe lilijengwa kwa matumbawe yale yale yaliyojenga misikiti. Kwa hiyo hatusemi kwamba lugha ya kanisani ni ngeni katika mambo haya. Tunasema tu kwamba madhabahu ni mahali pa dhabihu, yaani pa sadaka inayotolewa mbele ya Mungu. Katika mihrabu hakuna sadaka inayotolewa. Ni uwazi uliochimbwa katika ukuta wa mbele, mahali anaposimama imamu, kuonyesha upande wa kuelekea katika sala. Kuviita vitu viwili hivyo kwa jina moja ni kuwakosea wenye kanisa na wenye msikiti kwa pamoja.

Neno sanifu ni mihrabu. Lakini wasomaji wa pwani watatukumbusha, na watakuwa na haki, kwamba wazee wengi huiita kibla. Kibla kwanza ni upande wa Makka. Kisha ikawa jina la mahali panapoonyesha upande huo. Na kwa kuwa kutoka pwani yetu Makka iko karibu kaskazini kamili, katika Kiswahili cha zamani kibla ilikuwa pia jina la kaskazini. Kilwa na Makka zinakaribiana mno katika longitudo, na mihrabu ya msikiti mkubwa wa Kilwa imo katika ukuta wa kaskazini. Chidya haiko mbali na mstari huo. Mwanafunzi anayesimama katika uwanja wa shule yake na kuelekea kaskazini ameelekea kibla ya Kilwa karibu bila kukosea, na mwalimu wa jiografia anaweza kulitumia jambo hilo kwa faida. Kwa istilahi, tunashauri mihrabu itumike kwa sehemu ya jengo, na kibla ibaki kuwa upande, bila ya kumkosoa mzee anayesema vingine.

Limebaki gofu, na hili ndilo lililotufanya tuandike makala badala ya barua.

Kiswahili kina maneno matatu ambayo wafasiri huyachanganya. Mahame ni mahali palipohamwa: watu wameondoka, na pengine nyumba bado zimesimama. Ganjo ni mahali palipokuwa na maskani, na alama zake bado zaonekana, ijapokuwa msitu umekwisha ingia. Gofu ni jengo lililobomoka lenyewe, kuta zisizo na paa. Hata mtu aliyekonda akabaki mifupa huitwa gofu la mtu. Maneno ya kwanza mawili yanahusu mahali, la tatu linahusu kitu, na yote matatu ni hazina. Mji mzima wa Songo Mnara, kwa mfano, ungeweza kuitwa ganjo kwa haki kabisa. Hata hivyo katika shughuli za serikali na za utalii ni gofu peke yake lililoshika. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zilipoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ziliingizwa kwa jina la magofu. Na kwa jina hilo zikatiwa katika orodha ya mahali palipo hatarini mwaka 2004, zikatolewa mwaka 2014. Hatuna nia ya kupigana na jina lililokwisha andikwa katika hati za mataifa.

Taabu huanza pale neno hilo linaposhushwa kutoka mji mzima hadi jengo moja moja, likawekwa juu ya msikiti. "Gofu hili lilikuwa msikiti." Kitenzi lilikuwa kinatoa hukumu. Kinasema kwamba jengo lilikuwa kitu fulani, likaacha kuwa kitu hicho paa lilipoanguka. Kwa jumba la sultani au ghala la mfanyabiashara usemi huo hauna ubaya. Kwa msikiti ni kosa, na ni kosa la maana, si la mtindo. Msikiti huwekwa wakfu. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi wa pwani yetu, msikiti uliokwisha wekwa wakfu ukibomoka haurudi kuwa mali ya mtu, wala hauuzwi, hata kama hakuna tena anayesali ndani yake. Kuanguka kwa kuta hakuuondolei hukumu yake. Basi mfasiri anayeandika lilikuwa amefanya, bila kujua, jambo ambalo kadhi asingelifanya.

Historia ya Kilwa yenyewe inatoa ushahidi. Sehemu ya zamani zaidi ya msikiti mkubwa, ile ya kaskazini, ilianzwa katika karne ya 11 au ya 12. Mwanzoni mwa karne ya 14, katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, msikiti ulipanuliwa sana upande wa kusini. Upanuzi huo ulianguka, ukajengwa upya katika karne ya 15. Katika miaka ile kabla ya kujengwa upya, watu wa Kilwa waliziangalia kuta zile zilizoanguka, na kwa hakika hawakujiambia kwamba msikiti wao ulikuwa umekwisha. Walijenga upya kilichokuwa chao. Lau neno gofu lingekuwa na nguvu tunayolipa sisi, lingepaswa kutumika tangu wakati ule.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Mahali pote pa kale pakitajwa kwa jumla, magofu yaendelee kutumika. Lakini msikiti ukitajwa peke yake uitwe msikiti wa kale, na hali yake ielezwe kwa kirai: msikiti wa kale uliobomoka, msikiti wa kale usio na paa, msikiti wa kale uliokarabatiwa. Kitenzi kiwe cha wakati uliopo. Watakaosema kwamba tunapasua nywele tunawaomba wafikirie ubao unaosimamishwa mlangoni. Mgeni aliyesoma "gofu" hupanda ukutani ili apigwe picha. Aliyesoma "msikiti" huuliza kwanza kama avue viatu.

Kuna mfano mwingine unaofaa kulinganishwa na Kilwa. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi katika mihrabu yake yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya katika karne ya 18, na paa lake la siku zetu ni la mabati, kiasi kwamba mpita njia anaweza kuupita asigeuze shingo. Watu bado wanasali humo. Huo hauitwi gofu, na wageni wanaokuja kuutazama huingia kwa ruhusa na kwa adabu ya mahali pa sala. Tofauti kati yake na msikiti wa Kilwa ni paa na jamaa ya wasalio, wala si asili ya jengo.

Kuhusu jina la msikiti wa Kilwa, vitabu vya Kiingereza huuita kwa sifa ya ukubwa, na kwa hiyo tafsiri zetu zimeujaza ulimwengu "Misikiti Mikuu": ya Kilwa, ya Gedi kule Kenya, na kwingineko. Mswahili hauiti msikiti kwa ukubwa wake bali kwa kazi yake. Msikiti ambao mji mzima hukusanyika siku ya Ijumaa ni msikiti wa Ijumaa. Misikiti mingine ni ya mitaa. Tungependa kuona jina la msikiti wa Ijumaa likirudi katika vitabu vya shule, kwa sababu linamweleza mwanafunzi kwa neno moja kwa nini jengo lile lilipanuliwa: mji ulikua, na safu za Ijumaa zikajaa.

Mwalimu wetu aliuliza pia kuhusu urithi na kivutio. Urithi limekwisha kukaa, na Urithi wa Dunia ni istilahi iliyokamilika, hatuligusi. Inafaa tu mfasiri ajue kwamba mbele ya msikilizaji Mwislamu neno hilo lina mlio mwingine. Urithi hugawanywa kwa warithi kwa mafungu yanayojulikana, ambapo wakfu ni kile hasa kisichorithiwa na mtu yeyote. Ofisa anayewaambia wanakijiji kwamba msikiti wao ni urithi wa watu wote anaweza kusikika kana kwamba ametangaza mgawo. Neno malikale, lililotumiwa katika sera ya serikali ya mwaka 2008, lina taabu ndogo zaidi kwa upande huo ingawa nalo lina mali ndani yake. Katika mazungumzo ya ana kwa ana, tumeona kwamba amana hueleweka upesi: kitu ulichowekewa ukitunze, si chako kukiharibu.

Kivutio ni neno la biashara, na katika biashara halina lawama. Tatizo lake ni kwamba linakieleza kitu kwa macho ya anayekuja tu. Mbuga ni kivutio, maporomoko ya maji ni kivutio, na sasa msikiti ni kivutio. Yule anayekaa kando yake mwaka mzima hayumo katika neno. Katika matangazo ya utalii acheni litumike. Katika kitabu cha shule lisiwe neno la kwanza mtoto analolisoma juu ya mahali pale. Mtalii, kwa upande mwingine, ni neno lenye heshima kuliko tunavyolitendea. Kutalii asili yake ni kuchungua na kusoma jambo kwa makini. Wanafunzi wa Chidya wanaoteremka Masasi, wakapita Mnazi Mmoja na Nangurukuru hadi Kilwa Masoko, kisha wakavuka kwa chombo, ni watalii katika maana yake ya kwanza.

Swali la mwisho la barua lilikuwa fupi: je, huku kwetu juu kuna msikiti wa kale? Kwa sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, jengo la kale ni lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863, isipokuwa Waziri atangaze jingine lilindwe. Uislamu ulienea katika vijiji vya Masasi na Newala hasa tangu mwisho wa karne ya 19, kupitia njia za biashara na masheikh wa tarika, na misikiti yake ya kwanza ilikuwa ya miti na fito, kuta za kukandika kwa udongo, paa la kuezeka kwa nyasi. Jengo la namna hiyo halijui kuwa gofu. Likianguka hurudi udongoni, na linalofuata hujengwa papo hapo, siku hizi kwa matofali na mabati. Kwa kipimo cha mwaka 1863, basi, wala misikiti ya uwanda huu wala kanisa la kwanza la Masasi si vya kale.

Lakini Ibn Battuta alipoueleza mji wa Kilwa katika siku zake za fahari, alisema umejengwa kwa miti. Mawe tunayoyaona leo ni sehemu ndogo iliyobaki, na jicho letu limezoea kuhesabu kilichobaki tu. Ndiyo sababu tunatofautisha msikiti wa kale, ambao ni istilahi ya sheria, na msikiti wa kihistoria, ambao ni ule wenye habari inayojulikana: nani aliuanzisha, darasa gani lilisomwa hapo, umejengwa upya mara ngapi. Msikiti wa kihistoria unaweza kuwa na kuta za mwaka juzi. Tulimshauri mwalimu awape wanafunzi kazi ya kuwauliza wazee wa vijijini mwao habari hizo kabla ya safari, na kuandika maneno ya ujenzi watakayoyasikia, kwani fito, mapao na kukandika ni istilahi za uashi sawasawa na kuba na tao.

Sentensi yake ya kwanza sasa inasomeka hivi: "Huu ni msikiti wa Ijumaa wa Kilwa, msikiti wa kale ambao sehemu ya paa lake imeanguka, mihrabu yake imo katika ukuta wa kaskazini, na nje liko birika la kutawadhia."